Daftari la Makosa

Raushan alivuka mto Chu kwa basi la alfajiri,
mkate mfukoni, daftari kwapani.
Mpakani askari akamuuliza: "Umebeba nini?"
"Makosa," akasema, "ya miaka sita."
Akagongewa muhuri.

Bishkek siku hiyo moshi wa makaa ulilalia mapaa.
Mnara wa kituo cha umeme hauonekani,
wanukia tu.
Chumbani Nurgazy na wenzake wanne, birika la chai,
wanamngoja jirani awafundishe kuuhesabu.

Hakuanza na mafanikio.

Hapa kiwanda cha saruji kiliandika kilo, sisi tukasoma tani;
kwenye karatasi nchi ikafuka mara elfu.
Hapa tuliuhesabu umeme mmoja mara mbili:
ulipozaliwa, na ulipowasha taa.
Hapa meneja alijaza sifuri mwaka mzima,
maana, alisema, hakuna aliyemuuliza.

"Muulizeni. Halafu mwende mkalione bomba."

Nurgazy akacheka, kisha akanyamaza.
Sifuri kama hiyo anayo mezani,
imekaa tangu Machi, nadhifu, imepigwa mhuri.

Jirani hukuazima chumvi, hukuazima ungo.
Huyu kawaazima aibu yake,
wakaipokea kwa mikono miwili.

Jioni, stendi, basi likakohoa wingu jeusi.
"Na hili," akauliza kijana mmoja,
"tuliandike kwenu au kwetu?"
Raushan akachungulia dirishani:
"Mafuta yalinunuliwa wapi?"
Hakuna aliyejua. Dereva hata hakugeuka.

Nurgazy akaanza kulikimbilia basi,
kalamu mkononi.