Hamsini ya Sijui

Kofia ya vitundu hunichukua miezi miwili
nikijaliwa macho mazuri na mchana usio na wageni.
Mnunuzi wa Langoni hunipa elfu saba na mia tano
baada ya kuigeuza, kuinusa,
kutafuta uzi uliolegea wa kunipunguzia.

Sasa nafanya hesabu.
Famau yuko Njoro, mwaka wa kwanza.
Karo imelipwa na mkopo, kitanda kimelipwa,
kilichobaki ni tumbo
na yale mengine ambayo kijana hamwambii mamake.
Elfu moja na mia tano kwa wiki, wiki kumi na tano:
kofia tatu kamili, haubaki hata uzi wa kufungia.
Lakini kofia tatu ni miezi sita
na muhula wao ni minne.

Babake, mabega yana vumbi la saruji
aliyoisukuma kwa mkokoteni toka gatini hadi Kashmiri,
asema, "Elfu moya yatosha.
Mwana akishiba sana husinzia darasani."
Yeye chuo hakukiona hata kwa picha,
ila njaa ameisomea, ana shahada yake,
na anadhani kila mtu sharti aipitie skuli hiyo.

Zena wa Gadeni humtumia bintiye elfu tano
kila Jumatatu, chai haijachemka,
na sote tukajua kabla ya adhuhuri.
Sijui kama anampenda wake kuliko mimi wangu
au anaogopa tu kuombwa mara ya pili.
Wala nisimcheke. Usiku mmoja nilituma mia saba ya gesi
kwa kuwa Famau aliandika, "Mama, huku kuna baridi,"
kana kwamba pesa ni blanketi.

Basi nikamwambia: niandikie,
kila shilingi ilikokwenda.
Babake akacheka. "Ataandika vitabu, vitabu, vitabu.
Na vitabu havinuki chipsi."

Orodha ikaja Alhamisi, baada ya isha.
Nikamsomea, simu nimeiweka mbali na uso
maana macho ya karibu nimeyamalizia kwenye kofia.

Mkate na maziwa, mia tatu na arubaini.
Kutoa kopi, mia na themanini.
Maharagwe ya kibandani, siku nne, mia mbili na arubaini.
Bando, mia.
Soksi nzito, mia na hamsini.
Sabuni, dawa ya meno, mia na sitini.
Kinyozi, themanini. Amenikata vibaya.
Nimemkopesha Kiprono, hajala tangu jana, mia mbili.
Kiprono hatarudisha, nimeshajua.
Hamsini, sijui.

"Sijui ni nini?"
Ndivyo alivyoandika. Sijui.

Akanyamaza. Akasugua kiganja kwa kiganja,
saruji ikadondoka mkekani nilipofagia.
Nami nikamkumbuka yeye, mwaka tuliooana,
akirudi na ujira uliopungua kidogo,
nikimuuliza, akipindua mifuko nje
ikaning'inia kama masikio ya punda,
uso wake mkweli, mtupu.
Mwizi hana sijui.
Hesabu za mwizi hulingana hadi senti.

"Na huyo Kiprono," akasema mwishowe,
"mamake hashoni kofia?"

Asubuhi ametoa noti nne za mia za mkokoteni,
zimekunjwa ndogo kama hirizi.
Wakala alizikunjua moja moja, akaziweka juu ya zangu.
Elfu moja na mia tano, ile ya siku zote.
Mia mbili za mwana wa watu.
Na hamsini.

"Hii hamsini ni ya kutolea?" akauliza.
Nikamwambia, la,
ni ya sijui.