Njia

Umeme umekatika tangu magharibi.
Aikande amesogeza daftari karibu na mdomo wa jiko,
anataka kujua eksi ni ngapi.
Namwambia mimi nauza maharage Mbuyuni,
eksi sijawahi kupimia mtu.
Anacheka, ananisomea:
eksi mara tatu, jumlisha tano,
ni sawasawa na ishirini na sita.

Saba. Kichwa kilishasema kabla sijainuka;
sokoni ukichelewa kukokotoa, mteja kahama.
Lakini Mwalimu Mnzava ameandika kwa wino mwekundu
kwenye swali la jana, Jibu sahihi. Njia iko wapi?
na maksi moja kati ya tatu.

Basi nikaleta mizani,
ile ya sahani mbili, ya marehemu mama,
mnyororo mmoja umeungwa kwa waya wa baiskeli.
Nikaitundika kwenye boriti.
Huku mifuko mitatu, midomo nimeifunga,
na vikombe vitano vya maharage juu yake.
Kule, vikombe ishirini na sita.
Toa vitano, nikamwambia.
Akatoa huku. Sahani ya kule ikazama
hadi ikagonga kigoda.
Mama, imeharibika!
Haijaharibika. Umeonea upande mmoja.
Akatoa vitano na kule.
Ikapanda, ikatikisika, ikatulia.
Akaandika:

3x = 21

Na mafungu matatu, kila mfuko na fungu lake.
Akafungua mfuko mmoja akahesabu vikombe,
neno la mama halikumtosha.

Halafu akaanza kunifundisha yeye:
Ma-ga-zi-ju-to, mama.
Mabano kwanza, gawanya, zidisha, jumlisha,
kutoa ndiyo mwisho.

Nikachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

Baba yake alianza na kutoa.
Alirudi kutoka Uru jioni moja, udongo umegandia viatuni,
akaweka jibu mezani:
kihamba kimeuzwa. Milioni nne na nusu.
Hatua hakuonyesha.
Nani alitia sahihi, deni lilikuwa la nani,
migomba ya bibi ilihesabiwa shilingi ngapi,
na makaburi, je, yaliingia ndani ya mabano
au yalibaki nje?
Mwaka uliofuata naye akalala, kwenye ardhi ya kuombewa.

Miaka sita naijaribu hesabu hiyo kichwani,
nikipepeta, nikichagua mawe kwenye maharage.
Laki nane za hospitali.
Milioni moja na laki mbili za chama cha mikopo.
Laki tatu na nusu, ada ya Eliakunda.
Inabaki milioni mbili, laki moja na elfu hamsini
isiyo na pa kukaa;
nikiiita eksi, sahani inagonga kigoda.

Aikande anarudisha saba mahali pake.
Tatu mara saba, ishirini na moja,
jumlisha tano. Anapiga mistari miwili kwa rula,
anapuliza vumbi la kifutio.
Nichanie karatasi moja, namwambia.
Ya katikati, isije ikalegeza nyingine.
Ya nini, mama?
Nimeshachukua kalamu.
Juu kabisa, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne,
naandika: Njia,
naweka nukta mbili,
nasogea karibu na moto.