Nyuma ya Stakabadhi

Odilo Nnunduma alipima korosho pale Mtama
misimu ishirini na sita,
kalamu ya buluu sikioni, mizani mbele yake,
na hakumwibia mtu hata gramu.
Hili nalitanguliza makusudi,
maana karani mwaminifu ni kioja
kuliko mizimu yote aliyoiandika.

Aliiandika nyuma ya stakabadhi.
Mbele: jina, kilo, daraja, sahihi.
Nyuma, kwa herufi ndogo kama sisimizi,
treni inapita Mtama usiku wa manane
juu ya reli zilizokwisha kung'olewa,
mabehewa matupu,
ila la mwisho: humo mna mtu anakohoa.
Basi. Karatasi imeisha.
Kinachofuata kapewa mkulima anayefuata.

Nilimwuliza, nikiwa kijana wa kubeba magunia,
"Mzee, kwa nini usinunue daftari?"
Akanisogezea kikombe cha chai.
"Daftari watafungia maandazi.
Stakabadhi mtu haitupi mpaka alipwe,
na kulipwa kwetu huku
wewe mwenyewe unakujua."

Hivyo ndivyo kitabu chake kilivyotoka,
ukurasa kwa ukurasa, kwenye mapindo ya kanga,
chini ya magodoro, ndani ya misahafu na Biblia,
kwenye kopo la mafuta lenye kadi za kliniki.
Mvua zikianza, watu wakatembeleana:
"Wewe ndiye mwenye ndondocha anayepalilia usiku?
Mimi ninacho pale anapoitwa jina, akaangusha jembe."
Kina Chiwaya na kina Mchopa,
wasiosalimiana tangu kesi ya mpaka,
walikaa mkeka mmoja wakiunga maiti,
kichwa cha hawa, miguu ya wale.

Alikufa mikorosho ikitoa maua.
Nikarithi mizani, kiti chenye mguu wa waya,
na sanduku la vishina.
Nikasema nitakusanya.
Baiskeli, Nyangao, Nyengedi, Kiwalala,
nikinakili vibarazani huku kuku wakinidonoa viatu.
Bi Zawia Nampota hakutaka niiguse yake.
Alinisomea mwenyewe, polepole, bila kukwama,
mpaka mahali ambapo mkaguzi wa tiketi
anapita chini ya taa na ukuta haumwoni.
Alipomaliza ndipo nikatambua
karatasi kaishika juu chini.
Sikusema kitu. Niliandika kila neno.

Sasa ninazo mia tatu na kumi na moja.
Treni ninayo. Kikohozi ninacho.
Mkaguzi anafika behewa la mwisho,
anashika komeo,
na hapo hakuna mwenye ukurasa,
si Nyangao, si popote.

Jana, nikipekua vishina, namba ikajitokeza.
Msimu wa kumi na nane, mwezi wa Novemba,
hati yake ileile iliyolalia kulia:
Jina, Fides Nnunduma.
Kilo, sifuri.
Amelipwa, zote.

Fides alikuwa mkewe.
Alifia njiani, kwenye machela, wakimkimbiza Nyangao,
uchungu wa siku mbili na mto umejaa;
mama yangu ndiye aliyemfunika kanga yake.
Huo ulikuwa msimu wa tatu.

Nimegeuza kishina mara ngapi, sijui.
Kishina hakina nyuma;
nyuma yake ni kishina kingine,
Mchopa, kilo arobaini na mbili, daraja la pili.

Wakulima wananiuliza mzigoni,
"Komeo lilifunguka?"
Nawajibu kwamba mwisho upo,
ila ulishachukuliwa, na aliyeuchukua alitia sahihi.
Wengine hucheka, wengine hutazama mizani.
Bi Zawia hakucheka wala hakushtuka.
Alikunja karatasi yake, akairudisha kifuani,
akaniuliza,
"Na huko, anasomea taa gani?"