Fomu ya Nala

Karani ananyanyua kalamu: "Kundi gani, dogo?"
Vumbi la Nala limeshajaza nusu ya fomu yake.

Kule, chini ya turubai, mbili hamsini ya Chilongani
inanguruma hata ikiwa imezimwa.
Kanipa ufunguo. Kasema mwanaume hapangi foleni na watoto.
Jana niliijaribu njia ya Zuzu:
vidole vya miguu vilitafuta ardhi, havikuipata,
na kwenye kona ya mchanga ni yenyewe iliyoamua,
mimi nilikuwa mzigo.

Yangu ni mia ishirini na tano.
Tangi lina kovu. Cheni tuliifunga mimi na Ndahani
kwa tochi ya simu, usiku wa kuamkia leo.
Naijua inapokohoa. Inanijua ninapoogopa.

Watacheka. Kundi hilo lina mtoto wa miaka kumi na mitatu,
yule pale anamumunya ubuyu langoni,
midomo myekundu,
na hajashindwa, wanasema, tangu Pasaka.

Karani anagonga meza.
Ufunguo namrudishia Chilongani, una jasho langu.

"Andika ndogo," nasema.
Halafu, kwa kuwa sauti ilikatika,
narudia.