Saa Sita, Kibaigwa

Sheria ilisema itaanza kutumika
tarehe mosi Julai. Saa haikutaja.
Bibi yangu wa Pandambili angeuliza: siku ya nani?
Kwake siku ilianza jua likizama,
usiku ukitangulia, mchana ukifuata nyuma
kama ndama.
Siku ya maofisa wa Dodoma huanza usiku wa manane,
watu wamelala, hakuna wa kushuhudia.
Mimi, mshika mizani wa soko la mahindi,
nililetewa sheria hiyo kwenye simu, imepigwa picha,
kivuli cha kidole cha mtu kimelalia tarehe.

Juni thelathini, saa tatu usiku,
Fuso ya kutoka Kiteto ikashusha mzigo wa Sechelela:
magunia arobaini na moja, yote lumbesa,
kila moja na kilemba chake cha kamba,
shingo zimevimba kama za wenye rovu.
Vijana wa dalali ndio waliofunga, kulekule shambani.
Dalali mwenyewe, Chilongani, akaja na noti mkononi.
"Mama, tumalize. Kesho kuna mambo ya serikali."
Alisema mambo ya serikali
kama mtu anayetaja mvua ya mawe.

Sechelela hakukataa.
Alisema gunia la saba limepasuka,
akaomba shazia. Akashona.
Uzi ukakatika. Akashona tena.
Akaenda msalani, akarudi kwa njia ndefu.
Akanunua chai ya tangawizi, akaipuliza
mpaka ikapoa, akalalamika imepoa.
Akahesabu magunia: arobaini.
Akarudia: arobaini na mawili.
"Macho haya," akasema, "tuanze upya."
Lakini saa ya ukutani, juu ya kichwa changu,
aliisoma vizuri tu.

Kipupwe kilivuma kutoka upande wa Kongwa,
kikapita chini ya mabati, kikainua pumba.
Chilongani akaongeza shilingi mia.
Akaongeza tena.
Shazia ikaingia, ikatoka.

Saa sita ikafika. Hakuna kengele.
Taa haikuzimika, mbwa hakubweka,
mizani ileile yenye kutu gotini.
Magunia yaliyokuwa halali dakika iliyopita
yamekaa palepale, hayajasogea,
yamekuwa kosa.

Sechelela akakata uzi kwa meno.
"Haya," akaniambia. "Pima."

Nilitetemeka, sitaficha.
Mtoto wangu alipolazwa Kongwa,
dawa alinunua Chilongani.
"Gazeti lenyewe liko wapi?" akauliza. "Lenye muhuri?"
Nikampa simu. Akaivuta picha kwa vidole viwili,
kivuli nacho kikawa kikubwa.
"Hii yaweza kuwa kumi na moja," akasema.
"Yaweza kuwa thelathini na moja."
Kweli, yaweza.

Wapagazi walikuwa wameacha karata, wananitazama.
Nikapandisha gunia la kwanza.
"Mia na thelathini na nane," nikasema,
kwa sauti ambayo sikuijua,
nikafungua kilemba.
Mahindi yakamiminika kwenye beseni
mpaka mshale ukasimama kwenye mia.
Kilo thelathini na nane.
Jana zilikuwa za Chilongani,
na mwaka juzi,
na enzi za mama yake Sechelela,
na hakuna aliyewahi kuziita kwa jina lake.

Chilongani hakuondoka. Alinunua kwa kilo,
bila neno, akilamba kidole kwa kila noti.
Alfajiri tulikuwa gunia la ishirini na sita.
Sechelela amelala juu ya yaliyobaki,
kanga imemfunika hadi masikioni.

Ndipo nikamkumbuka bibi.
Kwa hesabu yake sheria ilianza magharibi,
kabla Fuso haijapiga honi pale njia panda,
na ushonaji wote ule ulikuwa wa bure.
Nikaenda kuliangalia gunia la saba.
Lina mishono kuliko gunia lolote sokoni.
Halivuji hata punje.