Toa Unyevu

Koti nililishona mimi. Hilo lijulikane kwanza,
maana wapo watu Kirumba wanaosema lilitoka Nairobi.
Kaki, mita tatu na robo,
kwa mtu ambaye mita mbili zingemtosha na kubaki kofia.
Mifuko saba, minne ya uongo.
Mabegani nilishindilia pamba
aliyoitoa kiwandani Igogo, kidogo kidogo, ndani ya soksi.

Lugwisha Nestory. Ukitaja jina hilo hawamjui.
Sema Karani Unyevu, uone wazee wanavyogeuka.

Bendi ikipumzika, ukumbini Mabatini,
wapiga tarumbeta wakitoka nje kujipepea,
yeye aliingia kinyumenyume
akivuta mzani kwa kamba kama mbuzi mkaidi.
Hakusalimu mtu.
Alivaa miwani isiyo na vioo,
akailamba kalamu, akaita: "Wa kwanza!"
Akapanda mama mmoja wa Pasiansi, kitenge kipya, mwili wa kutosha.
"Kilo tisini. Toa unyevu, ishirini.
Toa gunia, kumi. Toa ushuru wa kusimama.
Toa karani, ana watoto.
Mama, hapa umebaki deni. Kamlete mumeo."

Nilimwona mkulima wa Magu, mtu mzima na mvi zake,
akijipiga mapaja, machozi yakimtoka,
na wiki ileile gunia lake lilikuwa limekatwa hivyohivyo
mchana kweupe,
na siku ile hakucheka.

Kuna usiku moshi wa wadudu ulipanda kutoka ziwani
ukaizonga karabai hadi ikawa kama mboni yenye mtoto wa jicho.
Mdudu akamwingia kinywani katikati ya neno.
Alimeza. Akafungua daftari, akaandika, akasoma kwa sauti:
"Nyama, robo. Toa mabawa."

Kuanguka je? Watu walidhani anateleza.
Nyanjige, mkewe, ndiye aliyejua hesabu yake:
kila usiku mazoezi, chali, kifudifudi, ubavu,
vitanda vitatu vya mninga vimekwenda kuni.
"Majirani wanatuheshimu bure," aliniambia,
akisubiri nimkatie shimizi.

Halafu akaja karani mwenyewe. Yule wa kweli, Bwana Kamuhanda,
akaketi mstari wa mbele, miguu amekunja,
na sote tukajua kazi ya Lugwisha imekwisha.
Lugwisha alimwona. Akaongeza: "Toa karani mara mbili,
leo amekuja na mgeni."
Bwana yule hakutikisa hata mdomo.
Asubuhi alikuwa barazani kwangu kabla sijafungua cherehani.
"Nishonee," akasema, "kama lile."
Nikamshonea.
Bega la kushoto nililizidisha pamba kidogo.
Alilivaa miaka sita akiinamia upande mmoja.

Video zikaja. Ukumbi ukawa ghala la saruji.
Lugwisha akapeleka sauti yake Mwaloni, kunadi dagaa kwa kamisheni,
lakini watoto wa siku hizi hawakujua mchezo:
akisema "toa mchanga, toa macho, toa mkia"
walikumbatia magunia yao wakakimbia.
Alirudi akinisimulia, akicheka hadi akakohoa,
na kukohoa ndiko kulikobaki.

Bugando, wodi ya wanaume, nesi binti mdogo
alimsimamisha juu ya mzani, akamshika kiwiko.
"Arobaini na mbili."
Lugwisha akainua kidole.
"Toa unyevu."
Nesi akaandika arobaini na mbili, akanigeukia mimi:
"Anataka maji?"
Nami nilikuwa nimeshika ukuta,
sina pumzi, mbavu zinaniuma,
mgonjwa wa jirani akidhani nimepata msiba.
Lugwisha alinitazama vile alivyokuwa akiwatazama wa mstari wa nyuma,
kuhakikisha wamesikia.

Koti liko kwangu, msumarini. Panya wameanza bega la kulia.
Jana nililibeba hadi kwa jirani auzaye sukari,
nikaliweka juu ya mzani wake.
Sisemi kilo ngapi.