Kikao cha Saa Nne Asubuhi

Kaunti imeitisha kikao kuhusu usiku
ikakiweka saa nne asubuhi.
Nimekuja na beseni langu, sijalala,
pilipili ya jana bado inaniwasha kwenye kucha.
Mlinzi wa lango kaniuliza:
"Mama, unauza ama unatoa maoni?"
Vyote viwili, nikamwambia. Andika:
Kavinya Musili, mayai ya kuchemsha,
kona ya Kirinyaga, saa tatu ya usiku hadi adhana.

Ukumbi umejaa watu waliooga.
Mwenyekiti anasoma rasimu, kurasa kumi na moja:
muziki uzimwe saa sita penye makazi,
na kuwe na Afisa wa Usiku,
mwenye mhuri, gari na dereva.
Ofisi yake itafungwa saa kumi na moja jioni.
Nimecheka. Nimecheka peke yangu.

Obura, anayepiga santuri pale orofani,
kasimama na miwani yake ya jua, kaleta methali:
kelele za mlango
hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi.
Makofi.
Bi Shamsa kainuka taratibu, wa ghorofa ya nne,
ambaye mamake anapumulia mtungi.
"Mimi ni mpangaji," kasema.
"Mlango ungekuwa wangu, ningeutia mafuta."
Obura kavua miwani.
Nami nikatazama beseni,
kwa sababu dirisha lake nalijua:
saa tisa taa huwaka,
kivuli hupita na kikombe, hurudi na kikombe.

Zamu yangu. Dakika mbili.

Nikasema, waheshimiwa, usingizi wangu mimi ni wa mchana.
Saa mbili fundi wa mageti anawasha mashine ukutani kwangu,
saa tatu mhubiri anajaribu spika, moja mbili, moja mbili,
saa tano mko hapa.
Nani amewahi kuipimia kelele jua?
Sisemi Bi Shamsa asilale. Alale.
Nasema usiku nao una wenyeji,
na mwenyeji huhitaji choo,
huhitaji taa isiyokuwa ya baa,
na dirisha moja la kaunti lililo wazi saa nane ya usiku
ambapo nitalipia leseni nikiwa nimesimama,
si nikikimbia na beseni kichwani
na askari wenu wakiokota mayai yangu
na kuyala, ushahidi na yote.

Walicheka kidogo. Karani akaandika neno moja.
Nililichungulia: *mayai*.

Sikuwaambia kuhusu Lokwang.
Lokwang ndiye mshika kipimo wenu, yule pale nyuma,
amesinzia mdomo wazi, ana deni langu.
Mlipofunga vilabu wiki mbili kwa amri
nilikwenda konani hivyo hivyo. Miguu haisomi gazeti.
Wasichana wa jikoni walitoka mapema, wanne,
wakashikana mikono hadi stendi bila kuzungumza,
maana hapakuwa na foleni, wala baunsa,
wala mzee wa mutura na moshi wake,
na zile taa nyekundu tulizokuwa tukizisengenya
kumbe ndizo zilikuwa taa za barabara.
Kimya hakina desibeli
lakini kinapiga ngeta.

Akaja Lokwang na kifaa chake, kazi ni kazi,
akakielekeza kwenye lami tupu.
"Thelathini na nane," akasoma, akakunja uso.
"Nini hicho?"
Tukatega masikio, yeye na mimi,
jiji lote limelala au linajifanya.

Nilikuwa mimi.
Nilikuwa namenya yai.

Akanyoosha mkono. Nikampa, akalila bila chumvi.
Hilo ndilo la tatu, Lokwang.
Ukiamka, nilipe.